Aliyetumwa Kuonja

Ibadan
Jumapili, 14 Januari 1996

Dada Bose,

Nakusalimu sana. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu, na yule jogoo aliyekuwa akikufukuza tulimla juzi, kwa hiyo ukija huna adui.

Barua hii anakuletea Alhaja Risi pamoja na mikate yake. Amesema ukitaka kunijibu umpe Ijumaa pale getini kwenu, kabla hajafunga kapu.

Mwalimu wangu mpya wa tuisheni anaitwa Bwana Osagie. Anakuja kila nikitoka shule, tunakaa verandani mpaka Mama awashe taa. Niko darasa la tano tu, lakini Mama amesema hatungoji la sita, nitafanya mtihani wa kuingia sekondari yenu mwaka huu huu. Tulianza maswali nikiwa la tatu, kwa hiyo nimeshachelewa kuogopa. Bwana Osagie ana maneno. Jana alisema, "Kehinde, kichwa chako leo kimefungwa kama duka Jumapili. Nani ana ufunguo?" Nikacheka, akanigusa kwa rula, si kwa nguvu.

Mama alinunua vitabu viwili vya maswali. Kimoja ameandika Kehinde, kingine Taiwo. Bwana Osagie ni mtu wa Benin, si Myoruba, hajui mambo ya kwetu, akauliza, "Huyu Taiwo yuko wapi?" Mama akasema ameenda Lagos. Akauliza tena, "Atarudi lini, Mama? Maana tuisheni imeshaanza." Mama akaingia ndani. Ikabidi nimweleze mimi kwamba kwetu pacha hasemwi amekufa, husemwa ameenda Lagos, na kwamba Lagos hiyo si ile ya mabasi, ni ile aliyopelekwa na surua tukiwa na miaka saba. Akavua kofia.

Basi nafanya maswali kwenye kitabu changu, halafu nafanya yale yale kwenye kitabu cha Taiwo, kwa sababu anachopewa mmoja na mwenzake apewe. Sasa kuna jambo nataka kukuuliza wewe tu. Taiwo ananishinda. Kila mara. Mimi nikipata nusu, yeye anapata karibu zote. Mama anaposahihisha, akifika kwenye kitabu chake anatabasamu, ananiambia, "Unamwona mdogo wako?"

Dada, yeye anajuaje?

Mdogo wako,
Kehinde


Shule ya Wasichana, Ayegoro
Ijumaa, 26 Januari 1996

Kehinde wangu,

Barua yako nimeisomea nyuma ya jiko, mahali wasipopita viranja, kwa sababu imeandikwa Kiyoruba na hapa Kiyoruba ni kosa. Ukikamatwa nacho unavishwa kibao shingoni. Mimi sikivai sana, maana siongei sana kwa lugha yoyote. Wasichana wa bweni letu wananiita Kabati. Wanasema ukinifungua hutoki na kitu isipokuwa harufu ya dawa ya nondo.

Jibu la swali lako ni rahisi. Mtu akifanya swali mara ya pili huwa analijua. Kitabu cha Taiwo unakifanya baada ya chako, ndiyo maana. Kesho anza na chake halafu ufanye chako, uone nani atashinda. Hiyo ni akili yako na mkono wako. Usimpe mtu.

Nimeandika hayo haraka haraka kama mtu anayejiamini. Sasa nikuambie jingine, na usimwambie Mama. Siku nilipofika hapa, msichana wa kitanda cha juu aliniuliza kwa Kiingereza nyumbani tumezaliwa wangapi. Nikamjibu kwa Kiingereza: tulikuwa watatu, mmoja amekufa. Ikatoka kirahisi, kama mtu anayetaja mji mkuu wa nchi fulani. Baadaye nikajifunika blanketi nikajaribu kuisema kwa lugha yetu, ulimi ukagoma. Mpaka leo unagoma. Na wakati mwingine nafikiri ninaipenda shule hii kwa sababu moja tu, kwamba hapa hakuna anayepakua sahani isiyo na mlaji.

Mama akipika maharage ya mapacha, kula. Kula ushibe.

Dada yako,
Bose


Ibadan
Jumapili, 18 Februari 1996

Dada Bose,

Nilifanya kama ulivyosema. Nilianza na kitabu chake. Taiwo akashinda tena. Nikiandika Kehinde juu ya ukurasa, mkono unakuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Nikiandika Taiwo, maswali yanatulia. Bwana Osagie alitania, "Huyu mwenzako wa Lagos ni hatari, afadhali yeye ndiye niwe namfundisha." Kisha akatazama vile vitabu viwili, kimoja baada ya kingine, akaacha kutania. Siku hiyo aliondoka mapema.

Jana tulikwenda kwa mpiga picha. Mama alitaka picha za pasipoti za watoto wawili. Mpiga picha akasema, "Iya Ibeji, na yule mwingine?" Unajua mtaani hawajaacha kumwita hivyo, mama wa mapacha. Mama akaniambia nivue hereni, nibadilishe blauzi, nikae tena. Nikakaa tena. Picha zilipotoka, Dada, si sawa. Wa kwanza ni mimi. Wa pili anatazama mtu aliyesimama nyuma ya mpiga picha, na nyuma ya mpiga picha palikuwa na ukuta.

Mama amewaandikisha wote wawili kwenye mtihani. Bwana Osagie alikataa kuzijaza hizo karatasi, akazijaza Mama mwenyewe. Namba zetu zinafuatana, kwa hiyo na viti vyetu vitakuwa jirani. Baba amesema, "Mwacheni. Ni huzuni hiyo, haimdhuru mtu," akarudi kwenye redio yake.

Kuna kitu kingine. Mchana, nikiwa peke yangu verandani nikimngoja mwalimu, naitwa. Si sauti ya Mama. Inaita "Taiwo", lakini ninajua inaniita mimi. Mara zote nimenyamaza. Niitike?

Kehinde


Ayegoro
Ijumaa, 23 Februari 1996

Kehinde,

Usiitike. Usimwitikie mtu usiyemwona, awe anakuita kwa jina lako au la mwenzako. Mwambie Bwana Osagie akukute ndani, si verandani.

Jumapili ni siku ya wageni na Mama atakuja. Nitazungumza naye. Naahidi.

Bose


Ayegoro
Ijumaa, 1 Machi 1996

Mama yangu,

Napiga magoti kukusalimu. Natumaini ulifika salama na kwamba mgongo haukukusumbua njiani. Asante kwa unga wa muhogo na sukari na samaki wa kukaanga. Nimewagawia wenzangu wawili.

Jumapili ulipokuja nilikuwa na neno, na uliniona nikilitafuta. Uliniuliza, "Bose, unaumwa?" nikasema hapana. Uliniuliza kama kuna mtu ananionea, nikasema hapana. Halafu kengele ikalia ukaondoka, na mimi nikabaki nimeshika bakuli lako.

Mama, usinikasirikie. Naomba Kehinde awe na kitabu kimoja. Naomba aketi kwenye mtihani kama watoto wengine, na kwenye kiti cha jirani awe ameketi mtoto wa mtu. Ananiandikia mambo yanayonitia baridi. Anaamini si yeye anayejua majibu. Ana miaka tisa, Mama. Hata kama hangefanya mtihani mpaka mwaka ujao, si angekuwa bado na watoto wa rika lake?

Sijui kusema vizuri. Mimi ni mtoto wako, nisamehe.

Abosede


Ibadan
Jumapili, 10 Machi 1996

Abosede mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Mwandiko wako ni mzuri siku hizi. Shule imekufaa.

Unaniandikia kana kwamba mimi sijui mtoto wangu mmoja yuko wapi. Najua. Nilimwosha mwenyewe. Lakini wewe hujazaa pacha, kwa hiyo nisikilize. Wale walikuja na roho iliyogawanywa. Ukimnunulia mmoja kanga ukamsahau mwenzake, yule aliyesahauliwa anaona kijicho, na akishaona kijicho anamwita mwenzake wacheze. Anamwita kwa upole tu, bila ubaya. Mama yangu alizika wawili kwa njia hiyo, wiki kwa wiki, kwa sababu baba yangu alisema ni ushenzi kumpikia asiyekula. Baba yako hajui habari hii. Nimekuambia wewe.

Kwa hiyo nikinunua penseli nanunua mbili. Nikiandikisha naandikisha wawili. Si kwamba nampenda Taiwo kuliko Kehinde. Namshikilia Kehinde kwa mikono yote miwili, na huu ndio mkono wa pili.

Nikimwingiza shule kama yenu akiwa bado mdogo, mbali na nyumba hii, pengine ataacha kufuatwa. Ndiyo haraka yangu. Ulidhani ni majivuno.

Vaa soksi, huko kwenu kuna ubaridi wa asubuhi.

Mama yako


Ibadan
Jumapili, 31 Machi 1996

Dada Bose,

Mtihani ulikuwa jana. Nitakuandikia yote, ila usinikaripie mpaka umalize kusoma.

Mama alitupikia maharage kwa mafuta ya mawese asubuhi, sahani mbili. Alinipa penseli mbili, vifutio viwili, kadi mbili zenye picha. Alinibusu kwenye paji la uso, kisha akabusu hewa pembeni yangu, kwa urefu ule ule.

Viti vilikuwa vimebandikwa namba. Changu na chake vilikuwa jirani, chake mbele. Nilisimama katikati. Nilikumbuka kwamba tulipozaliwa mimi ndiye nilimtuma, kwa sababu mkubwa ni mimi ingawa nilitoka nyuma. Nilimwambia, nenda wewe kwanza ukaonje dunia, ukiona ni tamu ulie nikusikie. Akaja akaonja, akalia, nami nikaja. Kila mtu kwetu anajua mapacha huja hivyo. Basi nikaona na mtihani tuufanye vile vile. Karatasi ya kwanza aonje Taiwo, ya pili, baada ya mapumziko, nifanye mimi. Tungegawana sawa. Mama angefurahi.

Nikakaa kiti chake. Msimamizi akaangalia picha, akaniangalia, akatia alama. Akauliza, "Huyu wa hapa nyuma ni pacha wako? Yuko wapi?" Nikasema ameenda Lagos. Yeye ni Myoruba, Dada. Aliinamisha macho, akapita.

Maswali yalikuwa kama maji. Sikufikiri hata kidogo. Niliutazama mkono.

Tuliporudi kutoka mapumziko nikaenda kukaa kwenye kiti changu. Msimamizi akasema, "Wewe mtoto, rudi pale ulipokuwa." Nikasema sasa ni zamu yangu. Akasema, "Zamu ya nini? Huu ni mtihani, si foleni ya bomba." Watoto wakacheka. Nikasema mimi ndiye Kehinde. Akachukua kadi ya Taiwo, akaishika karibu na uso wangu, akasema, "Asubuhi ulikuwa huyu. Aliyekaa hapa asubuhi ndiye atakayekaa hapa mpaka mwisho. Kaa, usiniharibie chumba."

Nikakaa. Nikafanya yote mpaka mwisho. Kiti changu kilikuwa nyuma yangu, kitupu, na karatasi yangu ilikuwa juu ya dawati. Feni ilikuwa inaifunua na kuifunika, kama kuna mtu anaisoma. Sikugeuka.

Mama aliponiuliza nimeonaje, nikasema nimeona vizuri. Sijamwambia nilikaa wapi.

Leo mchana nimeitwa tena verandani. Niliitika kabla sijakumbuka.

Mdogo wako


Ayegoro
Ijumaa, 3 Mei 1996

Kehinde,

Naandika jina lako kubwa hapo juu ulione.

Nilikuwa nyumbani Pasaka yote na sikusema kitu. Nilikutazama tu. Nilikuita kutoka kisimani, "Kehinde, niletee ndoo," ukaendelea kuchambua mboga. Nikaita tena. Kisha Mama akaita, "Taiwo," kwa sauti ya chini, kama anayejaribu joto la maji, ukainuka papo hapo ukapangusa mikono. Mama akanitazama mimi, si wewe. Nilimwona amestuka. Lakini alifurahi pia, Kehinde, nililiona na hilo.

Nami nikachukua ndoo nikajichotea mwenyewe. Ndivyo nilivyo. Kabati.

Barua yako ya mwisho hukuisaini. Nijibu hii, na usaini.

Bose


Ibadan
Jumapili, 7 Julai 1996

Abosede mwanangu,

Salamu za siku nyingi. Najua ulimwandikia mdogo wako na hakukujibu. Nilimwekea karatasi na kalamu, akakaa nazo, akasema hajui aandike kutoka kwa nani.

Majibu yametoka. Taiwo amechaguliwa kuingia shule yenu, na alama zake ni miongoni mwa zile za juu kabisa. Jina la Kehinde lipo chini yake. Wameandika hakuhudhuria.

Nililia kwa furaha kwanza, nisikufiche. Majirani walikuja, Iya Ibeji, Iya Ibeji, wakacheza uani. Kisha yule muuza vitenge wa kona akaniuliza, "Na Kehinde je, naye amechaguliwa?" Kinywa changu kikajibu kabla yangu. Nikasema Kehinde ameenda Lagos.

Nilisikia nilichosema, mwanangu. Nilisimama pale na kitenge mkononi. Sikukirudisha, wala sikulirudisha lile neno.

Baba yako amezima redio. Tangu siku ile haijawashwa, na nyumba imekuwa na masikio. Bwana Osagie alikuja kutupongeza akaishia mlangoni. Mtoto hana tabu yoyote. Anaitika, anacheka, anakula sahani zote mbili. Kitabu chake cha zamani, kile cha jina la Kehinde, amekiweka chini ya godoro, hataki nikiguse.

Niliwashikilia wote wawili. Sasa sijui niliyemshika ni yupi. Naogopa kumwita kwa jina lile lingine nikute hakuna anayegeuka.

Septemba ataanza shule huko kwenu. Mpokee. Utamwita vile ilivyoandikwa kwenye barua ya shule, maana nafasi ni ya jina hilo.

Mama yako


Ayegoro
Ijumaa, 12 Julai 1996

Kwa Kehinde, mkubwa wa Taiwo,

Barua hii Alhaja Risi atakupa mkononi. Nimemwomba asubiri mpaka umalize kuisoma. Ukitaka, keti karibu na kapu lake, linanukia vizuri.

Nimekupotezea nafasi ya shule. Nataka ulijue hilo kwanza, ili usije ukalisikia kwa mwingine.

Barua ya Mama ilifika jana asubuhi. Kufikia mapumziko nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa Mwalimu Mkuu. Sijawahi kugonga mlango ule. Katibu wake akaniuliza, "Umetumwa na nani?" nikasema nimejituma. Akanicheka kidogo. Ndani nilianza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na Kiingereza changu, unachosikia kila mtu akikisifu, kikanivunjikia mkononi. Nilisema kuna kosa katika orodha. Nilisema kuna mtoto ambaye yupo na mtoto ambaye hayupo. Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akasema, "Abosede, ni nani huyo asiyekuwepo?" Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu.

Akainuka akafunga dirisha. Akasema, "Humu ofisini nakuruhusu. Sema kwa lugha ya mama yako."

Nikasema, Kehinde. Nilisema kwa lugha yetu, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa katibu: Taiwo amekufa. Taiwo, mdogo wangu, alikufa kwa surua. Aliyeketi kwenye kile kiti ni Kehinde, ni yeye aliyejibu maswali yote, na yuko hai.

Ukuta haukuanguka. Nilingoja kidogo, nikidhani nitaona kitu. Nilisikia tu mashine ya katibu ikiwa imenyamaza. Ndipo nilipolia, na nilimlilia Taiwo. Nadhani katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumlilia. Mtu aliyesafiri haliliwi, anangojwa.

Mwalimu Mkuu alisema mtihani uliofanywa kwa namba ya mtu mwingine hauhesabiwi, hata kama majibu ni mazuri kama yako. Alisema ataandika jina la Taiwo liondolewe. Alisema utafanya tena mwaka ujao ukiwa darasa la sita, na watoto wa rika lako, kwa kiti kimoja. Nilimwomba akuonee huruma. Akasema, "Hii ndiyo huruma niliyo nayo."

Mama ninamwandikia barua yake. Atanikasirikia, na pengine kwa muda mrefu. Nitamwambia aendelee kupika maharage, sitamkataza, ila sahani ya Taiwo aiweke mbele ya picha yake. Isiwe mbele yako.

Sasa nisikilize. Shule inafungwa Ijumaa ijayo. Nitafika nyumbani Jumamosi mchana, jua likiwa juu. Sitapitia nyuma. Nitapitia mlango wa mbele, nitasimama uani, mahali ambapo mtu aliye verandani ananiona kuanzia viatu hadi kichwani. Hutakuwa na haja ya kukisia ni nani anayeita. Nitakuita jina lako, kwa sauti ambayo mtaa mzima haujawahi kuisikia kwangu.

Itika.

Na kama mwingine ataitika kabla yako, usiogope. Ni mdogo wetu, amezoea kutangulia. Nitamsalimu, nitamwambia alilia vizuri, sote tulimsikia, sasa apumzike. Halafu nitaita tena.

Dada yako,
Abosede